Bastola Nyepesi ya Verlene Stroup

Verlene Stroup alistaafu siku ya Ijumaa, mwezi wa tatu, akapewa keki na saa ya ukutani iliyosimama kabla hata Jumapili haijafika. Miaka ishirini na tisa alikuwa amesimama kwenye mkanda wa kiwanda cha kuku, hapo Bellamy, Missouri, kisu mkononi, akitoa mifupa kwenye mapaja. Kuku hawaishi. Ukimmaliza huyu, yule keshafika, wa baridi mpaka vidole vinakufa ganzi, na nyuma yake wako wengine wasiohesabika. Watu hudhani kazi ya kusimama huchosha miguu. Ni kweli huichosha, ila miguu ukiilaza huamka. Mikono iliyochoka miaka ishirini na tisa hailali wala haiamki, inauma tu.

Ya Verlene ilikuwa imevimba kwenye vifundo vya vidole, na dole gumba la kulia lilimsumbua hata kufungua chupa ya maziwa. Hakumlalamikia mtu. Pale kiwandani kila mwanamke alikuwa na mikono ya namna hiyo, na aliyelalamika aliambiwa akapange foleni. Pete ya ndoa ilikuwa imekatazwa kazini tangu siku ya kwanza, kwa hiyo alizoea kuitundika kwenye msumari juu ya sinki la jikoni kila asubuhi na kuivaa jioni. Kisha ikafika harusi ya mpwa wake, akajaribu kuivaa, ikagoma kwenye kifundo. Alijaribu kwa sabuni, akajaribu kwa mafuta ya kupikia, akairudisha msumarini. Hiyo ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita, na pete ingali pale.

Sasa kazi imekwisha, na mtu wa miaka sitini na mbili hawezi kukaa dirishani kuhesabu malori. Ardith Poole, aliyesimama kushoto kwake kwenye mkanda ule miaka kumi na tisa, alikuwa amestaafu kabla yake, na kila Jumanne mchana alikwenda kupiga shabaha na wanawake wenzake kwenye uwanja wa klabu, kule kwenye shimo la zamani la kokoto. "Njoo, shoga," alimwambia. "Tunapiga karatasi, tunakula keki, tunasengenya. Huko hakuna kuku."

Verlene alikuwa akipiga shabaha utotoni. Baba yake alikuwa na bunduki ndefu ya risasi ndogo, zile za kipimo cha ishirini na mbili, na Jumapili baada ya kanisa alipanga makopo juu ya ua, watoto wakapokezana. Verlene aliwashinda kaka zake wote watatu, nao hawajamsamehe mpaka leo. Halafu akaja Orrin, wakaja watoto, wakaja kuku. Siku Ardith alipomwalika, alijua mara moja anachokitaka. Alitaka mikono yake ifanye kitu kingine zaidi ya nyama kabla haijakataa kabisa, na bastola ya kufanyia kitu hicho alitaka aichague yeye mwenyewe.

Msimcheke kwa hilo la pili. Katika miaka arobaini na moja ya ndoa, nyumba aliichagua Orrin kwa sababu ilikuwa karibu na kwa kaka yake. Gari alichagua Orrin. Mapazia ya jikoni aliyachagua mama mkwe, Mungu amrehemu, naye kapumzika lakini mapazia yangalipo. Hata kile kisu cha kiwandani walimkabidhi tu, cha mpini wa manjano, kwa kuwa vya kijani vilikuwa vimekwisha.

Kosa lake lilikuwa kumwambia Orrin. Alimwambia mezani, Alhamisi, wakila mkate wa nyama na viazi. Alisema, "Nafikiri nitatafuta bastola ya shabaha, niende na Ardith." Orrin akainua kichwa kwenye sahani, macho yakamng'aa, na Verlene akajua maji yamekwisha kumwagika.

Orrin Stroup aliendesha lori la gesi maisha yake yote, hakunywa, hakupiga mtu, hakumtazama mwanamke mwingine. Na hapo ndipo penye taabu. Mume mbaya unajua la kumfanya. Mume mwema anakuchosha bila kukupa hata kosa la kumshika nalo. Orrin ukimtajia unachokitamani hangoji umalize sentensi. Jumamosi hiyo hiyo yalikuwapo maonyesho ya bunduki kwenye ukumbi wa kaunti, akaondoka asubuhi akipiga mluzi, na saa nane alikuwa amerudi na kopo la biskuti.

"Fumba macho, Verl."

"Orrin, nina chungu motoni."

"Chungu kitangoja. Fumba, mama, fumba."

Alipofumbua aliona ndani ya kopo bastola ndogo ya silinda ya kuzunguka, ya matundu matano ya risasi, imelala juu ya karatasi laini. Mpini wake ulikuwa wa rangi ya waridi, ile rangi ya dawa ya tumbo.

"Ishike! Unaona ilivyo nyepesi? Haifiki hata nusu kilo. Yule bwana aliyekuwa akiuza kaniambia akina mama wote wanazigombania hizi. Nikamwambia, wa kwangu ana mikono midogo, huyu. Mikono kama ya mtoto wa shule."

"Nzuri," alisema Verlene.

"Si nilijua! Nilipoiona tu nikasema, Verl huyo."

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini angesema nini, na yule mwanamume amesimama pale jikoni kavua kofia?

Nikiri kwamba kosa hili la wanaume wa kwetu linaniudhi, maana si la kutojua. Hawa ni watu wanaoweza kukuambia aina ya bunduki kwa mlio wake, kutoka bonde la pili, wakiwa wamelala. Wanajua fika kwamba nguvu ya risasi lazima irudi mahali fulani, na kwamba chuma kizito hulimeza lile teke, na chuma chepesi hukusukumia wewe lote. Wakijinunulia wenyewe huuliza uzito, hupima mpini, hubishana saa nzima. Ikifika zamu ya mke, elimu yote inawatoka kwa mlango wa nyuma. Mwanamke mdogo, bastola ndogo, na kama ina rangi ya waridi basi ndoa imenusurika.

Jumanne ya kwanza Verlene alikwenda na ile zawadi ndani ya kopo lake. Wanawake saba walikuwa wamejipanga kwenye meza za saruji, miwani machoni na viziba masikio, karatasi zao zimesimama mbele ya ukuta wa udongo. Ardith, ambaye ndiye aliyepewa kusimamia siku ya akina mama, alimwonyesha mstari wa manjano, akamkumbusha kuweka kidole nje ya kifyatulio mpaka awe amelenga, na mdomo wa bastola uelekee ukutani hata anapopiga chafya. Kisha akapaza sauti kutoa ruhusa ya kupiga, na uwanja ukafunguliwa.

Verlene alilenga vizuri. Alikuwa hajasahau. Alivuta pumzi, akatoa nusu, akabonyeza, na kitu kama nyundo kikampiga kwenye kiganja, kikapanda kwenye dole gumba, kikapita kifundo cha mkono na kwenda kukaa kwenye kiwiko. Akafyatua mara ya pili kwa ukaidi. Ya tatu alifumba macho, na anayefumba macho amekwisha kushindwa. Alipomaliza tano, karatasi ilikuwa na matundu mawili, moja likiwa pembeni kabisa, na yeye ameukumbatia mkono wake kifuani kama mtoto mchanga.

Ardith alimsogelea. "Nani kakununulia mdudu huyu?"

"Orrin."

"Nilijua tu. Wa kwangu aliniletea wa zambarau."

"Yuko wapi?"

"Mume au bastola?"

"Bastola, Ardith."

"Kwenye droo ya soksi. Mume yuko makaburini, na mpaka anaingia humo alijua naipenda." Akacheka, kisha akaacha kucheka, maana alikuwa anautazama ule mkono. "Hebu njoo kwenye meza yangu."

Bastola ya Ardith ilikuwa nyeusi, ndefu, nzito, mtutu wake mnene kama mpini wa jembe. Ilitumia zile risasi ndogo za ishirini na mbili alizozifahamu Verlene tangu kwa baba yake. Kuishika tu, Verlene alitaka kuirudisha.

"Hii nzito, shoga. Nitaiwezea wapi?"

"Nzito ndiyo unayoitaka. Chuma kinakula teke, mkono haupati hata makombo. Weka viwiko mezani. Haya, piga."

Alipiga. Bastola ilisogea kidogo tu, kama mtu aliyeguswa bega kanisani. Alipiga tena, na tena, na zote kumi zilipokwisha Ardith alitazama kwa darubini yake ndogo. Kumi zote zilikuwa ndani ya duara ambalo ungelifunika kwa kisahani cha chai. Verlene alifurahi mpaka akataka kulia. Alisimama pale na miwani yake mikubwa, mkono ukimuuma ule uumaji wa kawaida tu usio na nyongeza, akafikiri kwamba bado hajafa.

Kisha akakosea mara ya pili. Aliichukua ile karatasi nzuri akaenda nayo nyumbani, ndiyo kawaida ya pale, kila mtu huchukua karatasi zake. Orrin aliikuta kwenye kiti cha gari. Kabla Verlene hajavua viatu, karatasi ilikuwa kwenye mlango wa friji, imebanwa kwa sumaku yenye umbo la hindi, na Orrin ameshika simu anamwita Duane wa jirani aje aone.

"Tazama, Duane! Siku ya kwanza! Na kale kabastola ka waridi!"

"Ebo," alisema Duane. "Hako hako?"

"Hako hako. Ulinicheka, si ulinicheka? Sema ulinicheka."

"Nilikucheka."

Verlene alikuwa amesimama kwenye sinki na mikono ndani ya maji ya moto, mahali pekee inapopata nafuu. Angeweza kusema papo hapo. Lakini kumwambia Orrin ukweli ni kazi ya siku mbili, siku ya kumwambia na siku ya kumbembeleza, na yeye alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka kabla ya kustaafu, na kustaafu kumempa nafasi tu ya kuona amechoka kiasi gani. Akaongeza maji ya moto kwenye sinki.

Jumanne ya pili alifyatua tano za ile ndogo, ili asiwe mwongo kabisa, akamalizia kwa ya Ardith. Ya tatu vilevile. Karatasi zikawa tatu kwenye friji, na mkono wake ukawa haushiki sindano. Njia ya mwongo fupi, nayo ya Verlene ilifika mwisho Jumatano, kwenye kahawa. Orrin aliweka mezani sanduku jipya la risasi.

"Nimekuletea kali zaidi kidogo. Kwa ulivyofika sasa, zile laini si za hadhi yako. Na Jumanne nakuja mwenyewe."

"Unakuja wapi?"

"Uwanjani! Nije nione mke wangu. Nakaa nyuma na kiti changu, sitasema neno."

"Huwezi kukaa usiseme neno, Orrin."

"Nitasema mawili."

Siku hiyo Verlene hakula mchana. Zilibaki siku sita. Aliona njia mbili: amwache aje amwone akifumba macho na kukosa karatasi mbele ya wanawake saba, kisha aache kabisa, aseme shabaha haimfai, arudi dirishani kwenye malori. Au afanye kile alichokuwa amekikusudia tangu mwanzo. Ijumaa, Orrin alipokwenda kunyoa, alichukua kopo la biskuti akaendesha gari mpaka duka la silaha lililo barabara ya kwenda kaunti.

Nyuma ya kaunta alikuwapo kijana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri. "Karibu, mama. Unamtafutia mzee zawadi?"

"Najitafutia mwenyewe. Ya shabaha."

"Safi sana." Mkono wake ulikwisha kuteremka kwenye kioo. "Tuna hizi ndogo ndogo, akina mama wanazipenda, hii hapa ni ya bluu ya..."

"Irudishe hiyo, Kip," ilisema sauti kutoka chumba cha nyuma. Alitoka mzee mrefu aliyevaa mikanda ya suruali begani. Huyu ndiye Teague, mwenye duka. Alijifuta mikono kwa kitambaa, akamtazama Verlene kwa utaratibu. "Mama, samahani, nionyeshe mikono yako."

Verlene aliificha nyuma. Hakukusudia, ilijificha yenyewe. Kisha akaona aibu kwa kuificha, akaiweka juu ya kioo, chini ya taa. Teague aliinama. Hakuigusa. Aliitazama kama fundi anavyotazama paa kabla ya kutaja vigae.

"Kiwanda cha kuku?"

"Miaka ishirini na tisa."

"Kutoa mifupa."

"Umejuaje?"

"Dole gumba. Mke wangu alikuwa upande wa kutundika kuku, yeye yalimwisha mabega." Akatandika kitambaa juu ya kioo. "Haya. Hatutazami sura. Tunatazama mkono unataka nini."

Alitoa ya kwanza, akaifungua, akamwonyesha kuwa haina risasi, ndipo akampa. Chuma chake cha juu kilitaka kuvutwa nyuma kwa nguvu, na Verlene alivuta mpaka jasho likamtoka kisilegee. Teague aliirudisha kwenye kioo. Ya pili ililegea, lakini mpini ulikuwa mnene, kidole hakikufika kwenye kifyatulio bila kupinda mkono. Nayo ikarudishwa. Ya tatu ilikuwa imetumika, nyeusi iliyopauka pembeni, nzito, mtutu mnene, ya risasi ndogo. Sehemu yake ya kuvuta ilikuwa masikio mawili madogo kwa nyuma, ukayashika kwa vidole vinne na kuliacha dole gumba lipumzike.

"Elekeza pale kwenye ndoo ya mchanga," alisema Teague. "Ishike mpaka nikuambie."

Aliishika. Kip alikoroga kahawa, akainywa nusu. Nje lilipita lori. Ncha ya mtutu ilibaki pale pale kwenye ndoo.

"Basi," alisema Teague.

"Hii," alisema Verlene.

Mzee yule hakumuuliza kama ana hakika, wala kama angependa kwenda kwanza kushauriana nyumbani. Alifungua kopo la biskuti, akaitazama ile ya waridi, akakohoa kidogo kwa adabu. Wakakubaliana kubadilishana moja kwa moja. Kisha akamletea fomu ya serikali ambayo kila mtu huijaza, akampa kalamu nene iliyokuwa kwenye kikombe cha peke yake.

Verlene aliandika jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa. Kisha akafika kwenye swali lililouliza kama yeye mwenyewe ndiye mnunuzi halisi wa silaha ile. Akalisoma. Akalisoma tena.

"Kuna tatizo, mama?" aliuliza Kip.

"Hakuna. Sijawahi kuulizwa, basi."

Akaweka alama ya ndiyo, akakandamiza mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Simu ikapigwa kwa wakaguzi wa serikali, majina yakatajwa, jibu likaja upesi kwamba hana baya lolote. Aliendesha kurudi nyumbani taratibu. Furaha aliyoitarajia hakuipata, alipata usingizi. Alilala kwenye kochi na viatu vyake mpaka Orrin aliporudi na kichwa kilichonyolewa.

Jumanne Orrin alikuja na kiti cha kukunja, chupa ya kahawa, na ile kofia anayovaa siku za kupiga kura. Alikaa nyuma ya mstari wa manjano, akawasalimu wanawake wote saba kwa majina. Verlene aliweka begi mezani. Akaitoa ile nyeusi, akaiweka juu ya kitambaa.

Orrin alirefusha shingo. "Ile ya waridi iko wapi?"

"Nimeibadilisha."

"Umeibadilisha nini?"

"Nimeibadilisha na hii."

Ardith aligeuka ghafla kuchunguza mawingu, na akina mama wengine wakapata kazi kwenye mabegi yao.

"Umeitoa zawadi yangu," alisema Orrin.

"Ilikuwa inaniumiza."

"Ikuumize vipi na umepiga zile karatasi?"

"Zile ni za bastola ya Ardith."

"Zote?"

"Zote tatu."

Uso wa Orrin ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kichwa kilichonyolewa. "Kwa hiyo mimi nimemtambia Duane bastola ya Ardith. Wiki tatu nzima!" Akasimama, kiti kikajikunja chenyewe nyuma yake. "Ungesema tu, mwanamke! Ni kitu gani kusema?"

"Nimechoka kusema, Orrin."

"Hujasema hata mara moja!"

Hapo alimkamata, maana ni kweli. Verlene alitafuta haraka haraka ndani ya miaka yote ile siku moja aliyosema, hakuipata. Alikuwa amechoshwa na maneno aliyokuwa hajayatamka. Hilo lilimuuma kuliko mkono. Alimpa mgongo, akachukua magazini, kile kijisanduku chembamba cha risasi, akaanza kuijaza.

Hili ndilo jambo ambalo hata Teague hakuweza kumsaidia. Bastola ilikuwa nyepesi mkononi kwa uzito wake, lakini kuijaza magazini kunataka dole gumba. Unashusha kijiti chake cha springi kwa dole gumba, unatumbukiza risasi, unashusha tena. Nyumbani alikuwa amejaza sita kwa dakika kumi. Sasa alishusha kijiti. Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikamponyoka, ikadunda kwenye saruji. Ya tatu ikamponyoka.

Orrin aliinama akaziokota. Hata akiwa na hasira, Orrin hawezi kuona kitu kimeanguka akakiacha. Alikuja upande wa meza, akamshika mkono ili amwekee kiganjani, na mkono haukufunguka wote. Akautazama. Akavua miwani yake ya uwanjani, akavaa ile ya kusomea, akautazama tena, vifundo kimoja kimoja.

"Hivi vimeanza lini?"

"Lyle alikuwa darasa la sita."

Lyle mwana wao ana miaka thelathini na nne na upara. Orrin alisimama na ule mkono ndani ya mkono wake. Alikuwa amemwambia yule bwana wa maonyesho kuhusu mikono midogo, mikono ya mtoto wa shule, na alikuwa amesema kweli, ila alikuwa anaongelea mikono ya msichana aliyemwona mara ya mwisho miaka mingi iliyopita. Kidole chake kilipita juu ya kidole cha pete cha mkewe, kikasimama kwenye kifundo.

"Haipiti hapa," alisema polepole.

"Haipiti."

"Naiona kila siku. Pale msumarini. Nakunywa kahawa naitazama." Alikisugua kile kifundo kwa kidole chake. "Nilidhani unaosha vyombo."

"Miaka kumi na moja, Orrin?"

Orrin alikivuta kile kiti, akakikunjua, akakiweka karibu na meza, akakaa. Akaichukua magazini mikononi mwa mkewe na kuanza kuijaza, dole gumba lake nene likishusha kijiti bila taabu, risasi moja moja mpaka kumi. Akampa. Kisha akavuta karibu sanduku la zile risasi ndogo, akaanza magazini ya pili.

Ardith alipaza sauti na uwanja ukafunguliwa. Verlene aliweka viwiko mezani, akavuta pumzi, akatoa nusu, akapiga kumi bila haraka. Hakutazama zimeingia wapi. Aliweka bastola chini, akanyoosha mkono nyuma, na Orrin akamwekea magazini iliyojaa.